Chumvi Haibaki Baharini: Tutunze Rimu za Magari Yetu

Sisi watu wa Pwani tukiona kutu huilaumu bahari, na mara nyingi tuna haki. Lakini kazi ya kusafirisha mizigo hunifikisha hadi Luanda Kotieno, kaunti ya Siaya, kwenye gati la feri ya Mbita, na huko nimeona rimu zilizoliwa vibaya kuliko za Mombasa. Ziwa Victoria ni maji baridi, tena liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Chumvi hiyo imetoka wapi?

Imekuja na magari yenyewe. Chumvi yetu ya Gongoni na Marereni husafirishwa hadi bara kwa malori, na gunia likipasuka humwagikia chini ya gari. Pikapu za samaki nazo, zikibeba samaki waliotiwa chumvi, huchuruzisha maji yake juu ya magurudumu ya nyuma. Njia ya tatu ni rimu za mtumba, zile za aloi ambazo vijana hupenda kubadilisha ili pikapu ipendeze. Nyingi hutoka ng'ambo, na nyingine zimetumika katika nchi ambako msimu wa baridi barabara humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke. Rimu kama hiyo hununuliwa ikiwa na ugonjwa tayari.

Wengi husema aloi haishiki kutu. Ni kweli haifanyi kutu nyekundu kama chuma, kwa sababu aluminiamu hujifunika kwa utando mwembamba unaoikinga. Chumvi huutoboa utando huo, kisha hula ndani kwa vishimo vidogo. Rangi ikikwaruzwa na jiwe au na chuma cha fundi wa tairi, chumvi hupenya chini yake na utaona mistari myeupe kama njia za minyoo. Tena chumvi haihitaji mvua. Unyevu wa hewa ukizidi kama asilimia 75, chumvi huuvuta na kulowa yenyewe. Usiku wa ufukweni, uwe Likoni au Luanda Kotieno, gari lililoegeshwa kavu huamka na magurudumu yenye unyevu wa chumvi.

Hatari kubwa iko nyuma, mahali tusipopaangalia. Rimu ya aloi hukaa juu ya habu ya chuma, na metali mbili tofauti zikiguswa na maji ya chumvi hufanya kazi kama betri: aluminiamu ndiyo inayoliwa. Unga mweupe hujaa katikati na kuzishikanisha. Niliona pikapu ya samaki iliyopata pancha usiku kabla ya kufika Ndori. Nati zote zilifunguka, rimu ikakataa kutoka. Hadi nyundo ilipopatikana, barafu ilikuwa imeyeyuka na mwenye mzigo amepoteza mtaji wake. Mahali pengine chumvi hula ukingo unaokaliwa na tairi, upepo ukapungua polepole, na tairi lenye upepo kidogo hupata moto na kupasuka likiwa na mzigo.

Kinga yake si ghali. Ukishusha mzigo wa chumvi au samaki, osha siku hiyo hiyo kwa maji baridi mengi na sabuni ya kawaida, ukianza upande wa ndani wa rimu. Ngoja kwanza gurudumu lipoe. Usitumie asidi, magadi makali wala sufi ya chuma, kwani vyote huondoa kinga ya aloi. Rimu ikikauka, ipake nta ya gari.

Kila gurudumu linapofunguliwa, mwambie fundi asugue uso wa habu kwa brashi ya waya, kisha apake grisi nyembamba sana pale katikati rimu inapokaa. Grisi isiguse breki, boliti, wala mahali nati zinapokalia. Baada ya kilomita 50 hadi 100, kaza nati tena.

Ukinunua rimu ya mtumba, igeuze. Uso uliong'arishwa si ushahidi. Kagua nyuma, matundu ya boliti na ukingo wa tairi, na ukiona vishimo virefu, ufa au alama za kuchomelewa, iache hata kama bei ni tamu. Tairi likishafungwa na kujazwa upepo, lizamishe majini uangalie mapovu.

Wabeba samaki wafunge mpira wa kutolea maji kwenye sanduku, uyashushe kwenye chombo, yasimwagikie magurudumu wala barabara.

Na tusioshee magari ziwani. Kisumu watu wameizoea tabia hiyo, lakini Sheria ya Mazingira ya 1999 inakataza kuchafua maji, na oili tunayoiacha pale huingia katika maji yanayotekwa na akina mama na kuvuliwa omena. Chota maji kwa ndoo, uoshee mbali na ufuko. Ndoo tatu nne zatosha pikapu moja, na ni rahisi kuliko kutafuta nyundo gizani huku mzigo unaoza.