Je, Wajua? Ombi la Fedha Hupita Nje ya Njia ya Sauti

Mkazi wa Mchukwi, wilayani Kibiti, anapobonyeza *150*00# ili atume fedha, ombi lake halipiti katika njia ya sauti, bali hubebwa na ishara, yaani jumbe fupi ambazo mitambo ya simu hupeana ili kumtafuta mteja alipo, kuunganisha simu na kuikata. Mfumo mkuu wa ishara hizo, uitwao SS7, uliwekewa viwango mwaka 1980, nao ulihitaji njia zake maalumu. Hata ujumbe mfupi wa maandishi hupita humo humo, na ndiyo maana ukapewa nafasi finyu ya baiti 140, ambamo herufi 160 huenea kwa kuwa kila moja hubanwa katika biti 7.

Mwaka 2000 ilitolewa itifaki ya SCTP, yaani kanuni za usafirishaji zinazoziwezesha ishara hizo kupita katika mitandao ya intaneti. Uimara wake unastaajabisha: mtambo mmoja huweza kuwa na anwani kadhaa, hivyo njia moja ikikatika jumbe huhamia nyingine bila mawasiliano kuvunjika, tena jumbe hugawanywa katika mikondo inayojitegemea, hivyo ujumbe wa mkondo mmoja ukipotea, jumbe za mikondo mingine haziusubiri.