Mama Mjamzito na Dawa za Kazini



Leo tunaanza na mfano wa mbali, kisha turudi bomani.

Huko California, Marekani, kliniki nyingi za meno hutumia gesi ya naitrasi oksaidi kumtuliza mgonjwa. Mgonjwa huivuta kwa muda mfupi tu. Lakini dada anayemsaidia daktari huvuta ile inayovuja, siku nenda siku rudi. Utafiti uliochapishwa mwaka 1995 ulionyesha kwamba wasaidizi waliofanya kazi na gesi hiyo saa 3 au zaidi kwa wiki, mahali pasipo na mtambo wa kuiondoa hewani, waliharibikiwa mimba zaidi ya mara mbili kuliko wenzao wasioitumia. Palipokuwa na mtambo, hatari hiyo haikuonekana. Kazi ni ile ile, tofauti ni kinga.

Sisi hatuna gesi hiyo, lakini si tuna dawa ya kupe? Mama mmoja anaichanganya kwa mikono mitupu, mwingine anashika mbuzi wanyunyizwe, mwingine anafua nguo za mnyunyizaji. Sumu si lazima inywewe. Baadhi ya dawa hizi hupita kwenye ngozi na kwa pumzi, zikaingia damuni na kumfikia mtoto tumboni. Na viungo vya mtoto huanza kuumbika wiki za kwanza, mama mwenyewe bado hajajua. Basi tusingoje tumbo lionekane.

Kikundi kifanye hivi:

1. Mama mjamzito, au anayedhani ana mimba, asichanganye wala kunyunyiza dawa.
2. Mnyunyizaji avae glavu za mpira, gumbuti na nguo ya mikono mirefu. Upepo umpige mgongoni, sio usoni.
3. Akimaliza aoge kwa sabuni. Nguo zake zifuliwe kando na za watoto, na asizifue mama mjamzito.
4. Mkebe wa dawa usichotewe maji, hata ukisuguliwa namna gani.
5. Mtu akipata kizunguzungu, kutapika au mate mengi, mvueni nguo zenye dawa, mwosheni, mkamkimbize kituo cha afya. Bebeni karatasi ya dawa ile.

La mwisho ndilo zito. Mama akijua kwamba akiacha kunyunyiza atakosa fungu lake, ataificha mimba. Mpeni kazi nyingine, kama kuhesabu mbuzi au kuandika daftari, na fungu lake libaki vile vile. Kule kliniki mtambo hununuliwa na mwenye kliniki. Hapa mwenye kazi ni kikundi chenyewe.