Atomi Iliyosisimka Inapokaribia Metali

Shuleni hufundishwa njia mbili za kuzitoa elektroni katika metali: kuipasha metali joto kali, au kuimulika kwa mwanga wenye nishati ya kutosha. Ipo na njia ya tatu, ambayo hutajwa kwa nadra, nayo yaweza kutendwa na heliamu, gesi isiyopenda kuungana na kitu chochote.

Atomi ya heliamu ikigongwa na elektroni katika mrija wa gesi, mojawapo ya elektroni zake mbili huweza kupandishwa ngazi. Kwa kawaida atomi hiyo hutoa mwanga na kutulia upesi mno. Lakini ipo ngazi moja, ya elektroni-volti 19.8, ambayo kanuni za atomi hukaribia kuifungia kabisa mlango huo. Atomi iliyokwama hapo, ikiachwa katika ombwe, hudumu kwa wastani zaidi ya saa mbili.

Sasa na ikaribie uso wa tangsteni. Je, huing'oa elektroni kwa kishindo? La. Mwendo wake katika joto la chumba una takriban elektroni-volti 0.04 tu, ilhali kuitoa elektroni moja katika tangsteni hudai 4.5 hivi. Kinachotenda kazi ni akiba iliyomo ndani. Kwanza elektroni iliyopandishwa huhamia katika metali, na atomi hubaki ioni. Papo hapo elektroni ya metali hutumbukia katika pengo la chini la ioni hiyo. Nishati ya anguko hupokewa na elektroni nyingine ya metali, nayo huruka nje.

Hapa hesabu yataka uangalifu, kwa kuwa metali imetoa elektroni mbili. Kuigeuza heliamu tulivu kuwa ioni hudai 24.6, ukiondoa 4.5 mara mbili hubaki 15.6. Kikomo halisi huwa chini kidogo, maana uso wa metali huzisogeza ngazi za atomi.

Homer Hagstrum wa Bell Laboratories, Marekani, aliyachunguza mabadilishano haya katika miaka ya 1950. Mwanga hupenya tabaka nyingi za metali. Atomi hii haipenyi, hivyo hupeleleza tabaka la nje peke yake. Gesi ikiufunika uso kwa tabaka moja tu, elektroni zitokazo hubadilika.

Mwaka 2001 huko Orsay, Ufaransa, wanafizikia waliopooza heliamu ya aina hii hadi karibu na sifuri halisi waliziacha atomi zianguke juu ya kigunduzi. Kila atomi iliyogunduliwa ilijitangaza kwa elektroni iliyoirusha.