Kabla Hujahama Kampuni ya Intaneti, Uliza Kuhusu Umeme

Mwishoni mwa Januari 2027 mtandao wa zamani wa simu za mezani nchini Uingereza utazimwa. Awali ulipangiwa kuzimwa Desemba 2025, kisha ukaongezewa zaidi ya mwaka mmoja, na sababu ya kuongezewa muda huo ndiyo iliyonisukuma kuandika.

Wengi wetu tuliohamia huku kutoka Afrika Mashariki hatukulelewa na simu ya mezani. Kwetu waya wa shaba ulifika maofisini na kwenye nyumba chache za wenye nafasi, na simu ya kwanza ya wengi ilikuwa ya mkononi. Kwa hiyo barua ya kampuni inapofika ikisema laini inahamishiwa kwenye mfumo wa kidijitali, tunaisoma juujuu na kuiweka kando, au tunaona ndiyo nafasi ya kutafuta kampuni ya bei nafuu. Kutafuta nafuu ni haki yako na nitaeleza namna ya kuhama bila kuumia. Lakini wengi wetu tunaishi kwa kazi ya kutunza wazee, na baadhi ya wazee wetu wenyewe, waliotangulia kuja miaka ya 1960 na 1970, leo wanakaa peke yao wakiwa na kitufe cha dharura cha kuita msaada shingoni. Kitufe hicho, kwa miaka mingi, kimekuwa kikipiga kelele kupitia waya ule ule wa shaba.

Tuanze na waya wenyewe. Simu ya mezani ya zamani haichomekwi kwenye soketi ya umeme. Inapata umeme wake kutoka kituo cha simu cha mtaa, volti zipatazo 50, kupitia jozi ile ile ya nyaya inayobeba sauti. Kituoni kuna betri, na vingi vina jenereta. Mtaa mzima ukiingia gizani, simu ile ya waya inaendelea kulia kama kawaida. Intaneti ya kwanza ya kasi ilipanda juu ya nyaya hizo hizo kwa kutumia masafa ya juu ambayo sikio halisikii. Kasoro yake ilikuwa umbali: kadiri nyumba ilivyokuwa mbali na kituo, ndivyo kasi ilivyopungua, na hata aliyekaa jirani na kituo hakuvuka takriban megabiti 24 kwa sekunde. Baadaye faiba ikavutwa hadi kwenye makabati ya mtaani, yale masanduku ya kijani unayoyaona kando ya njia, na shaba ikabaki kwa kipande cha mwisho tu cha kuingia nyumbani. Hapo kasi ikapanda hadi kama megabiti 80. Sasa faiba inaingia hadi ndani, na zaidi ya theluthi mbili ya nyumba za nchi hii zinaweza kuipata.

Faiba ni uzi mwembamba wa kioo unaopitisha mwanga. Ni bora kuliko shaba karibu kwa kila kipimo: hauathiriwi na umbali wa mtaani, hauli kutu maji yanapoingia shimoni, na mwizi hana cha kuuza akiukata. Ila mwanga haubebi umeme wa kuendesha simu. Kisanduku kinachofungwa ukutani na ruta iliyo kando yake vinategemea umeme wa nyumba, na simu sasa inachomekwa nyuma ya ruta. Simu ya zamani ilikuwa mgeni aliyekuja na chakula chake. Ya sasa inakula jikoni kwako, na jiko likizimika inalala njaa.

Hapa pana jambo ambalo hata baadhi ya wauzaji wa huduma hizi hulichanganya. Kuzimwa kwa mtandao wa simu si sawa na kung'olewa kwa nyaya. Baada ya Januari 2027 nyumba nyingi zitabaki na kipande cha shaba kutoka kabati la kijani hadi mlangoni, lakini kitabeba intaneti tu. Umeme wa simu kutoka kituoni hautakuwepo tena. Kwa hiyo mtu asijifariji kwamba waya wake ungali ukutani. Zaidi ya hayo, Openreach, kampuni tanzu ya kampuni ya simu ya BT, inayomiliki nyaya nyingi za nchi, inakusudia kufunga sehemu kubwa ya vituo vyake vipatavyo 5,600 na kubaki na kama 1,000 hivi.

Maana ya mabadiliko haya ilionekana Novemba 2021, dhoruba iliyopewa jina la Arwen ilipopiga Scotland na kaskazini mwa England. Nyumba zaidi ya milioni moja zilikosa umeme, na elfu kadhaa zilikaa gizani kwa zaidi ya wiki. Simu ya mkononi haikuwa msaada wa uhakika, kwa kuwa minara mingi haina akiba ya umeme ya muda mrefu. Ikiishiwa, mtandao nao unapotea. Machi 2022 BT ilisitisha kwa muda kuwahamisha wateja wake kwenda kwenye simu ya kidijitali. Kisha mwaka 2023 likajitokeza tatizo lililo zito zaidi: baadhi ya wazee waliohamishwa walibonyeza vitufe vyao vya dharura na kifaa hakikuunganika na kituo cha msaada. Watu wapatao milioni 1.8 nchini humu wanategemea vifaa hivyo. Vingi vya zamani hutuma taarifa kwa milio, na mtandao wa intaneti huikata sauti vipande vipande, huibana na kuichelewesha kidogo. Sikio la binadamu halitambui tofauti, lakini mashine inayosubiri mlio kamili inaweza isiuelewe. Desemba 2023 kampuni kubwa ziliahidi kwa serikali kwamba hazitamhamisha mteja wa namna hiyo bila kuhakikisha kifaa chake kinafanya kazi, na mwaka 2024 tarehe ya mwisho ikasogezwa hadi 2027.

Naamini kusogezwa huko kulikuwa kwa haki. Sipingi faiba, nimeisifu hapo juu na nitaendelea kuisifu. Ninachopinga ni kuiuza kana kwamba kitu pekee kinachobadilika ni kasi.

Ofcom, mamlaka ya mawasiliano ya Uingereza, inazitaka kampuni zimpe mteja aliye hatarini, yaani yule ambaye simu ya mezani ndiyo njia yake ya kuomba msaada, namna ya kufikia namba ya dharura kwa angalau saa moja umeme unapokatika, tena bila malipo. Mara nyingi hiyo huwa betri ya kuendesha ruta, au simu inayohamia mtandao wa mkononi. Katikati ya mji, ambako umeme hurudi haraka, saa moja inaweza kutosha. Kwa bibi anayeishi shambani Cumbria au nyanda za juu za Scotland, ni kidogo mno, na anayemtunza ana haki ya kuiuliza kampuni kama inatoa betri ya muda mrefu zaidi. Msaada huu mara nyingi haupewi mtu aliyenyamaza. Lazima useme: nyumba hii ina mgonjwa, ina kitufe cha dharura, mawimbi ya simu ya mkononi hayashiki ndani.

Sasa kuhama. Tangu tarehe 5 Septemba 2023 laini mpya za mfumo wa zamani haziuzwi tena, kwa hiyo anayebadilisha kampuni leo anaiacha simu ya zamani siku hiyo hiyo, hata kama nia yake ilikuwa kupunguza pauni chache kwenye bili. Kuhama kwenyewe kumekuwa rahisi. Zamani, ukitoka kwenye mtandao mmoja kwenda mwingine, tuseme kutoka kampuni inayotumia nyaya za Openreach kwenda Virgin Media, ilibidi uzungumze na pande zote mbili na kuomba tarehe zikutane. Tangu tarehe 12 Septemba 2024 unazungumza na kampuni mpya peke yake. Unaipa jina, anwani na jina la kampuni ya sasa. Hiyo ya sasa inapaswa kukutumia maelezo ya gharama za kuvunja mkataba, kama zipo, na huduma zitakazoathirika. Ukikubali, kampuni mpya inaendesha mengine yote, na kanuni haziruhusu utozwe siku za notisi baada ya kuhama. Huduma ikipotea kwa zaidi ya siku moja ya kazi, una haki ya fidia.

Kosa linalowaumiza watu ni kupiga simu kwa kampuni ya zamani na kukata huduma kabla. Hapo laini inafungwa, namba inaweza kupotea, na nyumba inakaa bila mawasiliano wakati mpya haijafungwa. Mwache anayekupokea ndiye akukatie. Na yale maelezo ya kampuni ya sasa yasome kweli, maana humo ndimo mnamoandikwa kwamba simu ya mezani itakoma. Ofa nyingi za bei ya chini ni za intaneti tupu. Hazina simu kabisa. Kwa kijana anayetaka kutazama mpira hilo halina neno, lakini kwa mzee ambaye namba yake imeandikwa hospitalini, kanisani au msikitini na kwenye daftari la kila ndugu, ni hasara. Kama unaitaka namba, itaje tangu mwanzo wa maombi.

Kuhusu bei nitasema machache. Tangu Januari 2025 mikataba mipya hairuhusiwi kupandisha malipo kwa kufuata mfumuko wa bei. Ongezeko lolote liandikwe kwa pauni na peni siku unapotia saini. Wanaopokea baadhi ya misaada ya serikali wanaweza kuomba kifurushi cha bei ya chini ambacho matangazo hayakipigii tarumbeta, basi kiulizie. Na anayegonga mlango au kupiga simu akidai ada ili laini ya mzee isizimwe ni tapeli. Usimpe namba ya benki. Piga mwenyewe namba iliyo kwenye bili.

Siku ya kufungiwa, awepo mtu mwenye uelewa pamoja na mzee. Mwenye kifaa cha dharura aarifiwe wiki kadhaa kabla, iwe ni halmashauri au kampuni ya huduma hiyo, aseme kama kifaa kinafaa kwa laini ya kidijitali au kinahitaji kubadilishwa na kingine chenye kadi ya simu ndani. Fundi akishamaliza, kabla hajafunga begi lake, kitufe kibonyezwe na mzungumze na kituo cha msaada hadi wathibitishe kwamba wameona jina na anwani sahihi. Kisha ruta izimwe kwenye soketi, betri iachwe ifanye kazi peke yake, na kitufe kibonyezwe mara ya pili.