Nyungunyungu Jikoni: Masalia ya Chakula Yasipotee



Watu wapatao elfu tano walipokwisha kula na kushiba, Kristo Bwana hakuruhusu masalia yatupwe. Aliwaagiza wanafunzi wake wayakusanye, na vikapu 12 vikajaa (rej. Yn 6:12-13). Yeye aliyeweza kuzidisha mikate hakudharau makombo.

Sisi wa Butimba tunaishi kati ya mawe na ziwa. Maganda tunayoyatupa makorongoni hayabaki huko. Mvua huyasomba hadi Ziwa Viktoria, ambalo linatupatia maji ya kunywa na samaki. Yanapooza humo, huongeza virutubisho vinavyostawisha magugu maji. Hivyo taka ya jikoni kwetu huwa mzigo kwa mvuvi na kwa jirani.

Hayati Baba Mtakatifu Fransisko, katika Waraka wake wa Kitume “Laudato si’” wa mwaka 2015, anafundisha kwamba utunzaji wa nyumba ya wote hujengwa kwa matendo madogo ya kila siku, likiwemo la kutenganisha taka (namba 211). Njia mojawapo ni kufuga nyungunyungu ndani ya nyumba, ili wageuze masalia kuwa mbolea.

Tusiwachanganye viumbe hawa na minyoo ya tumboni. Hawaishi ndani ya mwili wa mwanadamu. Wanaofaa ni wale wekundu wanaopatikana kwenye samadi iliyooza na majani yanayooza, si wale wanaochimba chini sana ardhini.

Tutwae ndoo au beseni lenye mfuniko, tulitoboe matundu madogo ubavuni na chini, kisha tuliweke juu ya chombo cha kukingia maji. Ndani tutandike vipande vya maboksi na majani makavu, vyenye unyevu kama sifongo iliyokamuliwa. Nyungunyungu hupumua kwa ngozi: wakikauka hufa, na maji yakituama hukosa hewa. Kwa kuwa Mwanza kuna joto, chombo kikae kivulini, mahali penye ubaridi.

Tuwalishe kidogo kidogo maganda ya ndizi na viazi, mabaki ya mboga za majani, majani ya chai na maganda ya mayai yaliyopondwa. Tusiwape nyama, dagaa, mafuta wala maziwa, kwa maana huleta harufu, nzi na panya. Ndimu, pilipili na chumvi nazo haziwafai. Kila mara tufukie chakula chini ya matandiko. Harufu mbaya ikitokea, ni ishara kwamba tumezidisha chakula au maji. Tupunguze, tuongeze maboksi makavu.

Baada ya miezi mitatu hivi, tutaona mbolea nyeusi yenye harufu ya udongo wa mvua. Tusogeze chakula kipya upande mmja. Nyungunyungu watakifuata, nasi tutachota mbolea upande wa pili. Itafaa kwa mchicha wa kwenye viroba, hasa kwetu ambao udongo ni haba kati ya mawe.

Kipindi cha Kazi ya Uumbaji, kuanzia tarehe 1 Septemba hadi 4 Oktoba, ni nafasi njema kwa kila Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo kuanzisha chombo kimoja na kugawiana nyungunyungu wanapoongezeka. Tuliyopewa kwa ukarimu, tuyatunze kwa shukrani.