Fahamu: Farasi hapati ugonjwa wa miguu na midomo, mbona azuiwe kusafiri?

Ugonjwa wa miguu na midomo hushika wanyama wenye kwato zilizogawanyika: ng'ombe, mbuzi, kondoo, nguruwe. Farasi hana kwato za namna hiyo, na haupati. Hata hivyo, ulipozuka Uingereza Februari 2001, mbio za farasi zilisimamishwa kwa muda, na tamasha la mbio la Cheltenham la mwaka huo likafutwa kabisa.

Kisa ni uchafu. Virusi hukaa kwenye samadi na tope, vikanasa kwenye kwato, matairi ya lori na viatu vya watunzaji. Farasi akitolewa shamba moja kupelekwa jingine, aweza kuvibeba bila mwenyewe kuugua. Isitoshe, mbio hukusanya maelfu ya watu, wakiwemo wafugaji, na hao nawahofia kuliko farasi.

Lakini Aprili ya mwaka huohuo, mbio za farasi za Grand National zilifanyika katika uwanja wa Aintree, ugonjwa ukiwa bado haujaisha; basi si lazima kuwazuia farasi wote. Ila tahadhari ni muhimu, maana mifugo zaidi ya milioni 6 ilichinjwa kabla ugonjwa haujadhibitiwa.

Kwa hiyo ugonjwa ukizuka, farasi anayeishi na ng'ombe au kondoo, au aliye eneo la karantini, abaki bandani. Wengine wasafiri, mradi kwato na lori vioshwe kwa dawa.