Tafsida na Biashara: Lugha ya Matangazo ya Sodo

Tangazo la biashara kwa kawaida hutaja bidhaa, hueleza kazi yake na humhimiza msomaji ainunue. Matangazo ya sodo yalikabiliwa na tatizo la kiisimu tangu mwanzo: namna ya kuuza kitu ambacho muuzaji haoni vyema kukitaja na mnunuzi anaona haya kukiomba. Historia yake nchini Marekani inadhihirisha kwamba tafsida, ambayo mara nyingi huelezwa kuwa ni adabu ya usemi tu, yaweza pia kuwa mtaji.

Johnson & Johnson ilianza kuuza sodo za kutupwa katika miaka ya 1890 kwa jina la Lister's Towels. Jina hilo lilisema mno, kwani neno "taulo" lilitosha kumfichua mwanamke mbele ya muuza duka mwanamume. Bidhaa haikushamiri. Mwaka 1920 Kimberly-Clark, iliyokuwa imetengeneza nyuzi laini za mti za kufungia majeraha ya askari wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, ilileta sokoni Kotex. Wauguzi walikuwa wamekwisha kuzitumia nyuzi hizo kwa hedhi zao. Jina lenyewe lilitokana na maneno ya Kiingereza yanayohusu pamba na hisia ya kuigusa, lakini yalifupishwa na kubadilishwa tahajia hata maana ikafifia. Hapo ndipo ulipo ustadi wake: ishara isiyo na historia haina aibu. Mwanamke aliweza kuitamka kama atamkavyo jina la sabuni.

Hata kutamka huko kulionekana kuwa mzigo. Baadhi ya maduka yaliweka maboksi ya Kotex juu ya kaunta pamoja na kisanduku cha fedha, ili mnunuzi achukue na kulipa pasipo neno. Mwaka 1928 tangazo la Modess lilikuwa na kuponi ya kukatwa na kukabidhiwa muuzaji kimya kimya. Kwa mujibu wa nadharia ya vitendo-usemi, hili ni jambo la nadra: ombi linatimia na mwombaji hajafungua kinywa, kwa kuwa tangazo limekwisha kumsemea. Kilele cha mtindo huu kilikuwa kampeni ya Modess iliyoanza mwaka 1948. Picha ilionyesha mwanamke katika gauni la kifahari, na maneno yalikuwa mawili tu ya Kiingereza, yaani jina la bidhaa na kiunganishi chenye maana ya "kwa sababu". Sababu yenyewe haikutajwa. Msomaji aliachiwa aikamilishe sentensi moyoni.

Si haki kudai kwamba matangazo ndiyo yaliyozua aibu ya hedhi, kwani aibu iliyatangulia. Tena yaliwafikishia wanawake wengi maarifa ambayo hawakuyapata kwingine. Lakini yalirudia pia, mwaka baada ya mwaka, hofu ya kugunduliwa: doa kwenye nguo, harufu, umbo la sodo chini ya sketi. Bidhaa iliyoahidi kuondoa fedheha ilihitaji fedheha hiyo idumu.

Katika televisheni ya Marekani matangazo haya yalizuiwa hadi mwaka 1972. Neno la kawaida la Kiingereza, "period", lilisikika humo katika tangazo kwa mara ya kwanza mwaka 1985, likitamkwa na mwigizaji Courteney Cox katika tangazo la Tampax. Damu nayo ilikuwa na tafsida yake ya rangi, kioevu cha buluu, hadi kampeni ya Bodyform ya mwaka 2017 nchini Uingereza ilipokionyesha chekundu.

Kiswahili kilikuwa na neno lake, sodo, kabla ya pedi za viwandani kufika. Pamoja na hayo, huko Tanzania lililoenea ni "taulo za kike", jina linalomtaja mwenye kitu na kuificha kazi yake, likirejesha taulo ileile iliyowashinda wauzaji wa karne ya 19. Nchini Kenya, sheria ya mwaka 2017 iliitaka serikali iwape bure wasichana wa shule za umma bidhaa hizi. Kuponi ya kimya haimo katika sheria hiyo. Msichana ambaye hedhi imemkuta darasani bado hana budi kumwendea mwalimu, pengine mwanamume, na kuchagua neno.